Mkwe Niliyemuua Kwenye Mkanda

Tabata, Dar es Salaam,
Juma la pili la Kwaresima.

Kwa mdogo wangu Silvesta,
Nkololo, Bariadi.

Mdogo wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia. Marahaba naitanguliza, maana shikamoo yako haijapata kukosekana hata siku ulizonikasirikia. Na kwa lugha ya mama yetu nasema mwangaluka, wewe na wote wa mji huo. Nauliza hali ya mgongo wako uliokuwa ukikusumbua wakati wa palizi. Nauliza hali ya shemeji yangu, mama wa watoto wako. Nauliza kama mvua imeikuta pamba ingali changa, au imechelewa kama mwaka ule tuliolazimika kupanda mara mbili. Kama ningalikuwa hapo uani ningalingoja unijibu mhola kwa kila moja, kama ilivyo adabu, ndipo niingie katika neno lililonileta. Karatasi hainipi nafasi hiyo. Uniwie radhi.

Radhi ya pili ninayoiomba ni ya kuchelewa kuandika. Nilitolewa mtoto wa jicho katika jicho la kulia, na daktari alinikataza kuinama juu ya meza mpaka kidonda kifunge. Hiyo ni sababu ya kweli, ila si sababu yote. Habari za huko, habari za dada yetu Minza, zilinifikia kabla sijalazwa. Niliona si haki kukutumia maneno matupu. Nikangoja hadi niwe na kitu cha kutuma pamoja na maneno. Sasa ninacho.

Uliwahi kuniuliza kazi ninayoifanya huku ni ya namna gani, nami nikakujibu kwa mkato kwamba ni kazi ya sanaa. Nadhani ingekuwa heri ningalieleza vizuri tangu mwanzo. Naeleza sasa, kwa utaratibu, ili nawe uweze kuwaeleza wengine.

Tulipokwisha kumzika marehemu mke wangu Agnesi, Bernadeta akanichukua kuja kuishi kwake, nilikuwa mtu asiye na la kufanya. Binti yangu huondoka asubuhi kwenda kazini, nami hubaki nikitazama ukuta wa jirani. Parokia ya hapa ilinipokea. Ijumaa Kuu ya kwanza walinipa kusoma Mateso, sehemu ya msimulizi, nami nilisoma kama tulivyofundishwa misheni, kila neno likiwa limesimama peke yake. Ibada ilipokwisha, mtu mmoja wa makamo, aliyevaa miwani myeusi ndani ya kanisa, alinifuata hadi mlangoni.

"Mzee, sauti hiyo umeipata wapi?"

"Nimeipata kwa kufundisha," nikamjibu. "Madarasa yetu yalikuwa makubwa na mabati yalipiga kelele mvua iliponyesha."

"Kwenu ni wapi?"

"Bariadi, mkoa wa Shinyanga."

Akamgeukia mwenzake. "Msukuma. Si nilikwambia? Mganga tumempata."

Nilimweleza kwa heshima kwamba baba yetu alikuwa katekista, na kwamba mimi mwenyewe nimefundisha dini hadi nilipostaafu. Alinisikiliza kwa makini, kisha akasema, "Ndiyo vizuri, mzee. Mganga asiye na adabu watu hawamwamini."

Huyo ndiye mwongozaji wetu. Ujue kwamba siku hizi mtu yeyote mwenye uwezo anaruhusiwa kufungua kituo chake cha televisheni, kama huko anavyoruhusiwa kununua pamba kwa mizani yake mwenyewe. Vituo hivyo vina saa nyingi na havina vya kujazia. Kwa hiyo vikundi vya maigizo vimezuka kila mtaa. Chetu kimepanga nyumba ya vyumba viwili Sinza. Chumba kile kile Jumatatu huwa mahakama, Jumanne huwa hospitali kwa kutundika shuka jeupe, na Jumatano, wakishatandika ngozi ya mbuzi na kuzima taa moja, huwa kwangu. Hatupewi maneno yaliyoandikwa. Mwongozaji hutueleza kisa kwa mdomo, nani kamkosea nani, na tukio liishie wapi. Kisha kamera huwashwa na kila mtu husema linalomjia. Majirani wakipiga redio tunaanza upya.

Sitakuficha, mdogo wangu, niliipenda kazi hii. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amenitaka nizungumze. Pale nilikuwa nikinyoosha mkono tu, watu wazima wananyamaza.

Kwanza nilipewa mshenga, kisha hakimu. Nilipopewa mganga, watazamaji walikataa nitolewe. Tangu hapo sikuigiza kingine. Na tangu hapo mtaa wetu umenigeuka. Wanawake wanaouza mboga hunipa fungu la mchicha bila kunitazama usoni. Watoto hunisalimia wakiwa mbali, tena kwa mbio. Paroko, ambaye ni mtu mpole, aliniomba nipumzike kidogo kusoma masomo, kwa kuwa watoto wa Kipaimara walikuwa wakigongana viwiko kila nilipoinuka. Nilimwambia ameamua vema. Lakini Dominika ile nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Asubuhi moja alikuja kijana mwenye shati la ofisini, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo mzee. Nina shida na bosi wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umekosea nyumba. Mimi ni mwigizaji."

"Najua, mzee. Nimekuona."

"Yale uliyoyaona kwenye kibuyu ni maji na majani ya mpapai."

Akatabasamu kama mtu aliyeshirikishwa siri. "Waganga wakubwa wote husema hivyo."

Nilimshauri asali na afike kazini mapema. Alinishukuru mno. Alipoondoka tulikuta ameacha jogoo amefungwa miguu kando ya mlango, na Bernadeta akamfuga mpaka mwenyewe atakaporudi kumchukua. Hajarudi. Kazini nasikia amepandishwa cheo, jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo.

Haya yote niliyachukua kama mzigo wangu mwenyewe. Sikudhani yangefika Nkololo.

Katika mchezo wetu wa mwisho, mganga ninayemwigiza anamchukia mkwe wake, mke wa mwanawe, anamuua kwa uchawi na kumfanya msukule. Mwanamke anazikwa watu wakilia, kisha anaonekana akimlimia mkwewe shamba usiku, uso umepakwa unga, kimya, maana wanasema msukule hukatwa ulimi na kulishwa pumba. Katika tukio moja mwanafunzi wangu ananiuliza, "Babu, haya yote umefundishwa na nani?" Swali hilo hatukulipanga. Kamera ilikuwa inakwenda. Nami, kwa kuwa nilipoulizwa nani alinifundisha nilimfikiria yule yule ninayemfikiria siku zote, aliyenibeba mgongoni, akanifundisha kuchunga na kutofautisha nyayo za ndama wetu na za jirani, nilijibu, "Dada yangu mkubwa."

Mwongozaji alifurahi. Alisema ni jibu lisilotazamiwa. Hapa mjini hakuna aliyelijali, kwa maana hapa hakuna anayejua kama nina dada. Huko kwetu, Silvesta, hakuna asiyejua kwamba ninaye mmoja tu.

Habari nililetewa na Makoye, yule aliyekuwa karani wa chama cha ushirika kabla wanunuzi binafsi hawajaja, na ambaye sasa hushusha ng'ombe mnada wa Pugu. Alikuja kunisalimu, akakataa kiti kilicho karibu nami, akakaa kwenye kile cha mlangoni.

"Mwalimu, huko nyumbani umeua."

"Nimemuua nani, Makoye?"

"Yule mwanamke. Wameleta mkanda kwenye kibanda cha video Bariadi, halafu siku ya mnada wakaja nao Nkololo na jenereta. Tumemwona tukiwa tumejaa. Tumeona anazikwa, tumeona analima."

"Makoye, wewe umesoma hadi darasa la nane."

"Ndiyo maana nauliza kwa adabu," akasema. "Wengine hawaulizi."

Ndipo akanieleza yale ambayo wewe hukuniandikia, na sikulaumu, kwa maana hata mimi nisingejua nianzie wapi kumwandikia kaka yangu maneno kama hayo. Kwamba watu walitoka kibandani wakisema, kumbe Mwalimu Baltazari ni mganga, na mwenyewe ametamka alikofundishwa. Kwamba walikumbushana macho ya Minza yalivyo mekundu. Kwamba jirani zake hawaendi tena kuomba moto kwake, wala hakuna aliyekuja kumsaidia kupalilia. Na kwamba asubuhi moja alikuta ua wake wa minyaa umefyekwa upande wote wa barabara, hata nyumba imebaki wazi.

Wewe na mimi ni watu wazima. Tunajua ua ukikatwa hivyo maana yake ni nini, na tunajua ajuza wangapi wa vijiji vyetu wameitwa wachawi, wakaondoka duniani kwa sababu ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba uliowaharibu macho. Sisemi zaidi.

Makoye alikuwa amekwenda kumwona. Alimkuta akichambua choroko. Alimshauri ahamie kwa muda kwa ndugu wa mama, Ipililo. Minza alimjibu, "Niende Ipililo kufanya nini? Nikihama watasema wamepatia." Kisha akamtuma kwangu: "Mwambie mtoto huyo nimesikia siku hizi anavaa shanga shingoni. Mama angemcheka." Hakutuma neno lingine lolote. Hakuuliza kwa nini nimesema nilivyosema.

Nilikwenda kwa mwongozaji kesho yake. Nilimwomba mambo mawili: mganga aungame hadharani kwamba ni mwongo, na mimi niache kazi.

"Mzee, ukiungama nani atatazama?" akaniuliza. "Watu hawalipi umeme wamwone mganga anatubu."

"Dada yangu anaweza kuuawa."

Akavua ile miwani yake. Si mtu mbaya. "Mkanda umeshatoka, mzee. Kila mji wanaunakili. Hata nikikubadilisha leo, huko kwenu watauona mwakani."

"Basi niache niende."

"Nenda. Itabidi upigwe radi."

Nikapigwa radi Alhamisi iliyofuata. Walitumia taa ya picha na bati. Nasikia watazamaji wameandika kulalamika.

Lakini alikuwa amesema kweli: kufa kwangu kwenye televisheni hakukumfaa Minza lolote. Nilitaka nije mwenyewe. Jicho likanizuia, na hata kama lisingenizuia, ningekuja kusema nini? Ningesimama mnadani niseme mimi si mganga, nao wangesema kama yule kijana wa jogoo. Nilipokuwa hospitali nilimweleza daktari habari za macho ya dada yetu. Alisema wekundu ule ni maradhi ya moshi, na kwamba dawa ipo. Lakini daktari huyo yuko hapa, na aliyeshika panga yuko huko. Jicho langu lenyewe lilikuwa jekundu kuliko la Minza siku zile, nami ni mwanamume, hakuna aliyelikatia ua.

Aliyenitoa katika fikira hizo ni Zuhura. Zuhura ndiye aliyemwigiza yule mkwe. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Mzaramo wa Kisarawe, mwenye mdomo usiopumzika. Ndiyo maana wenzake walicheka sana alipopewa msukule asiyesema. Tangu mchezo ule huniita baba mkwe hata sokoni. Wazaramo ni watani wetu, kama unavyojua, tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao. Alikuja kunitazama jicho, akanikuta sili.

"Baba mkwe, umefiwa?"

Nikamweleza. Nilitazamia ataanza mzaha, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Wanasema nimekufa?"

"Wamekuona ukizikwa."

"Na ulimi nimekatwa?"

"Ndivyo wanavyoamini."

"Hawa Wasukuma," akasema, "ng'ombe wao wana akili kuliko wao. Nipeleke."

Nilidhani ni utani. Akasema tena, nimpeleke, au kama siwezi, nimpe njia. "Wewe ukienda watakuogopa, ndugu yako akisema watasema anaficha ya nyumbani kwao. Mimi ni mtani. Msibani kwenu naweza kulala kwenye kaburi na hakuna wa kunitoa. Nitakwenda kuwatukana mpaka wachoke, halafu watanipa chakula."

Bernadeta alimweleza kwamba ni hatari. Zuhura alimjibu kwamba mtu aliyekwisha kufa mara moja hatishwi. Lakini nilimwona akikaza kanga yake mara mbili aliposema hivyo, na sikumsifu kwa ujasiri mbele yake, nisije nikaufanya mzigo. Amekwenda kuomba ruhusa kwa mumewe na kwa mama yake, na wote wamempa.

Sasa, mdogo wangu, naomba nikuagize, nikijua kwamba siku hizi wewe ndiye mkubwa wa mji na mimi ni mtu wa mbali.

Nimemwagiza ashuke kwenye treni Shinyanga, apande basi la Maswa hadi Bariadi, na afike kwako asubuhi ya siku ya mnada, kabla watu hawajajaa. Usimfiche hata kidogo. Apite katikati ya mnada kwa miguu, awasalimie watu, abishane na wauza vitenge. Ukimaliza tu kusoma, mwambie kiongozi wa sungusungu, kwa heshima, na umwombe awepo. Si kwa kulinda tu, bali aone kwa macho yake. Mwenye kibanda cha video naye aitwe. Wanaotaka kumgusa wamguse mkono. Wanaotaka kuona ulimi, yeye mwenyewe atawaonyesha, nakuhakikishia, wala hatangoja kuombwa.

Usimsahihishe akiwatukana wazee. Usimwombee radhi. Wewe ni mtu wa haya kama mimi, na utatamani kufanya hivyo, jizuie. Neno ambalo wewe ukilisema litazaa ugomvi, yeye akilisema wataishia kucheka. Wakisha kucheka pamoja naye, itawawia vigumu jioni ile kushika panga.

Alale kwa Minza. Wapike uani, upande ule uliofyekwa, ili barabara yote iwaone. Naye ale ugali wa Minza.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu ni nzito. Makoye aliniambia, bila kutaka, kwamba tangu siku ya mkanda shemeji yangu hapeleki tena uji kwa Minza, na kwamba nawe hujaingia mlango wake. Sikuhukumu. Una watoto, na jirani zako ndio watakaokuzika. Inawezekana hata wewe ulipoketi kibandani ukamsikia kaka yako akisema maneno yale, moyo ulikuuliza swali. Nakujibu hapa, kwa mkono wangu: hakuna nilichofundishwa na Minza isipokuwa kazi na adabu, na wewe alikufundisha hayo hayo, tena baadaye, akiwa na subira zaidi. Nakuomba siku ile uketi nao. Mgeni kula ni jambo moja, ataondoka. Watu watatazama kama wewe umenawa mikono ukala.

Ikiwa utaona huwezi, usinifiche. Mkabidhi Zuhura na Minza wote wawili kwa Makoye, awapandishe gari la ng'ombe linalokuja Pugu, nami nitawapokea. Minza atakataa, mbebeni. Sitaki kuandika kwamba nitakusamehe, kwa maana sitakuwa na haki ya kusamehe wala kulaumu mtu katika jambo lililotoka kinywani mwangu.

Nisalimie shemeji yangu, umwambie namheshimu kama siku zote. Nisalimie mwanao mkubwa na mkewe, na binti yako aliye kwa wakwe zake Bukundi, kama kuna mtu wa kwenda huko. Nisalimie mwenyekiti wa kigango, na yule mzee tuliyekuwa tukifundisha naye, kama bado anasikia. Mpitie Agnesi kaburini, mng'oe majani. Mwambie kwamba Bernadeta hajambo. Kwa Minza sina salamu za kuandika, kwa kuwa hasomi na nisingependa umsomee mtu mwingine akiwapo. Mpe mkono tu.

Mimi kaka yako, niliyekukosesha usingizi,

Baltazari.

Anayekukabidhi barua hii ni Zuhura, mtani wetu, ambaye watu wa Nkololo wamemwona akifa na akizikwa. Ameniomba niandike kwamba anataka kuku, tena asiwe mzee kama mimi. Nimeandika. Mpokee mizigo.